KILICHOMO JAANI KINA MWENYEWE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Neno israfu likitajwa mbele ya watu wetu, fikira zao huenda kwa matajiri. Humfikiri bwana mwenye motokaa tatu na hali mwendeshaji ni mmoja, au arusi iliyofanywa kwa siku saba mfululizo. Mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa bandarini au kijiduka cha nguo, husikiliza waadhi wa namna hiyo kwa raha, kisha akatoka msikitini amefurahi kwa kuwa maneno yale hayakumhusu. Leo tumekusudia kusema na huyo huyo. Twataka kusema juu ya israfu isiyopigiwa ngoma: israfu ya sufuria, ya mfereji na ya pipa la taka, ambayo hufanyika kila siku katika nyumba ya mtu wa wastani, wala hapana aionaye kuwa ni jambo la kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Neno tulilo nalo ni moja, nalo ni hili: kilichomo jaani kina mwenyewe. Mtu akitupa nusu sufuria ya wali hudhani ametupa mali yake, na mwenye mali hana wa kumuuliza. Lakini na tuitazame nyumba hiyo vizuri. Ifikapo tarehe ishirini ya mwezi, fedha zimekwisha, na unga, sukari na mafuta huchukuliwa dukani kwa daftari. Mwenye duka anadai. Ada ya madrasa ya mtoto haijalipwa mwezi wa pili huu, na maalimu ameona haya kuidai. Bibi mzee, mama yake bwana wa nyumba, alihitaji dawa akaambiwa asubiri mshahara. Na jirani wa ukuta kwa ukuta amelala na watoto wake kwa chai ya rangi. Basi wali ule uliotupwa usiku ulikuwa wa nani? Ulikuwa ni fedha ya mwenye duka, na ada ya maalimu, na dawa ya bibi, na chakula cha jirani. Watu wanne walikuwa na haki ndani yake, na yeye akaitia yote katika pipa, akalala.

KITABU CHA MWENYEZI MUNGU KIMESEMAJE

Maneno haya hatukuyatunga sisi. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tumpe jamaa haki yake, na maskini, na msafiri aliyekatikiwa na njia. Na papo hapo, bila ya kuingia jambo jingine, akatukataza ubadhirifu, na akawahisabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Na katika Sura ya Al-An'am, aya ya 141, ametutajia mitende na mikomamanga na mazao ya mashamba, akatuamrisha tule matunda yake na tuitoe haki yake siku ya kuvunwa. Kisha hapo hapo akakataza israfu.

Na atazame mwenye akili jinsi mambo mawili haya yalivyofungwa pamoja. Haki za watu zimetajwa, na israfu ikakatazwa, katika pumzi moja. Hapana shaka kuwa mojawapo ya hekima zake ni kutufahamisha kwamba kinachomwagwa hapa ndicho kinachokosekana pale. Mtu haachi kumpa jamaa yake kwa kuwa hana; mara nyingi huacha kwa kuwa alichokuwa nacho kimekwisha kupotea kidogo kidogo, asijue kimepotelea wapi.

Na katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 7, tumeamrishwa tutoe katika yale ambayo Mwenyezi Mungu ametufanya kuwa makaimu juu yake. Kaimu si mwenye mali. Mwenye shamba akimweka mtu alitunze, naye akaziacha nazi zioze chini ya minazi, hawezi kusema, "Hizi ni nazi zangu, nimefanya nipendavyo." Ataulizwa nazi moja moja. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Barza, ametufahamisha kwamba siku ya Kiama mtu hataondoka mahali pake mpaka aulizwe, pamoja na mambo mengine, juu ya mali yake: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini. Wengi katika watu wetu hujitahidi sana na swali la kwanza. Hawaibi, hawali riba, hawapunji mizani. Lakini swali la pili hawakuliandalia jawabu.

HISABU

Huenda msomaji akasema, "Wali wa kutupa ni kijiko na nusu, mwafanya jambo dogo kuwa kubwa." Jawabu yetu ni kuleta hisabu, kwani hisabu haina upendeleo.

Na tuchukue mfano wa nyumba inayopika kilo moja ya mchele kwa siku, na katika hiyo ikatupa robo tu. Robo kilo kwa siku 365 ni kilo 91 na zaidi. Tukikadiria kilo kwa shilingi 180, hizo ni shilingi 16,425 kwa mwaka. Na hapo hatukuhisabu nazi iliyoupika wali huo, wala mchuzi ulioharibikia ndani ya sufuria, wala mkate ulioota ukungu, wala gesi au makaa yaliyovipikia vyote. Kila msomaji na atie bei ya dukani kwake na kipimo cha sufuria yake, aone mwenyewe. Je, shilingi elfu kumi na sita, kwa mtu anayekopa sukari, ni jambo dogo?

Wala hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mambo ya mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa nchini, Nairobi, lilitoa mwaka 2024 hisabu ya chakula kilichotupwa ulimwenguni katika mwaka 2022. Jumla yake ilikuwa karibu tani milioni 1,050. Katika hizo, tani milioni 631 hazikutoka mahotelini wala madukani, bali zilitoka majumbani mwa watu, ambayo ni sehemu sita katika kumi. Na mwaka huo huo watu wapatao milioni 783 walikuwa katika njaa. Jambo jingine walilolieleza ni kwamba tafauti baina ya majumba ya nchi tajiri na ya nchi za wastani katika kutupa chakula ni ndogo kuliko vile watu walivyokuwa wakidhani. Basi imebatilika hoja ya mwenye kusema kuwa israfu ni maradhi ya matajiri. Ni maradhi ya kila mwenye sufuria.

Na maji nayo ni hivyo hivyo. Maji ya chemchemi za Mzima yalianza kuletwa Mombasa kwa bomba katika mwaka 1957, nayo husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo mpaka kutufikia. Juu ya hivyo hayatutoshi, na mitaa mingi huishi kwa kununua maji ya mikokoteni, mtungi kwa mtungi. Kisha utamwona mtu katika birika la msikiti amefungua mfereji mpaka mwisho, anasukutua huku anazungumza na mwenziwe, na maji yanakwenda zake. Amekuja kutafuta thawabu, na njiani anaitupa neema. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa saa' moja mpaka mudi tano. Mudi haifiki hata lita moja. Mtume aliyekuwa mtukufu wa viumbe vyote alitosheka kwa kiasi hicho, na sisi twahitaji ndoo?

WAZEE WETU WALIFANYAJE

Baadhi ya vijana wetu wakisikia habari ya kupunguza taka hudhani ni elimu mpya iliyoletwa na meli. Nasi twawaambia: muulizeni bibi yenu habari ya nazi.

Nazi ikishuka mnazini, makumbi yake yalifukiwa pwani, yakapondwa, yakatoka usumba wa kusokotea kamba. Ikivunjwa, maji yake yalinywewa. Ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, tui la kwanza liliwekwa kando, tui jepesi likapikia, na machicha yakapewa kuku. Kifuu kikawa upawa wa kutekea mchuzi, au kata ya maji, au kuni ya kuwashia moto. Makuti yakaezeka nyumba, na chelewa zake zikawa ufagio. Katika nazi nzima hapakubaki kitu cha kutupa. Ukoko wa wali ulikuwa ukigombaniwa na watoto. Kichwa cha samaki kilikuwa ndicho cha mchuzi. Kanzu ya baba ikichakaa ilikatwa ikawa ya mtoto, na ya mtoto ikichakaa ikawa tambara la kudekia.

Na wapikaji wale hawakupika kwa kukisia. Walipima kwa kibaba, na vibaba vinne wakaviita pishi, kama vile mudi nne zilivyo saa' moja katika vitabu vya Fiqhi. Methali yetu ya haba na haba haikusema kuwa hujaza bahari. Imesema hujaza kibaba, kwa sababu kibaba kilikuwa jikoni, na kila mtu akikijua kipimo chake. Leo kibaba kimetoka jikoni, na mahali pake pameingia mkono wa kukisia, nao kila siku hukisia kwa kuzidisha.

Na zaidi ya mwendo wa wazee wetu, huu ni mwendo wa Mtume (S.A.W.). Amepokea Muslim kutoka kwa Jabir kwamba Mtume aliamrisha tonge ikimwanguka mtu, aiokote, aiondoe uchafu ulioishika, aile, wala asimwachie shetani. Na Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alimpita mbuzi aliyekufa, aliyekuwa amepewa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maymuna kwa njia ya sadaka, akauliza kwa nini hawakunufaika kwa ngozi yake. Wakamwambia kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Na tuzingatie vizuri: mzoga, kitu ambacho kila mtu amekwisha kukata shauri kuwa ni cha kutupwa, na Mtume bado anauliza kama hamna ndani yake kitu cha kufaa. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu, kama alivyopokea Imam Ahmad, kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Siku hizi kiatu kikifunguka ukanda mmoja hutupwa, na mshona viatu amekaa pembeni mwa njia tangu asubuhi akingojea riziki.

HOJA ZA WATU NA MAJAWABU YAKE

Hoja ya kwanza wasemayo watu ni kwamba kupima chakula na kuhifadhi makombo ni ubakhili, na Mwislamu hafai kuwa bakhili. Jawabu: ni kweli ubakhili ni sifa mbaya, lakini uangalifu sio ubakhili. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa wanapotumia hawafanyi israfu wala hawabani, bali wanakwenda katikati ya hayo. Bakhili huizuia haki isimfikie mwenyewe, na mwenye israfu huipoteza haki kabla ya kumfikia mwenyewe. Jirani mwenye njaa haoni tafauti yoyote baina ya wawili hawa, kwa kuwa kwa wote wawili hakupata kitu. Ama mwangalifu, yeye hupima ili apate cha kutoa.

Hoja ya pili ni ya mgeni. Husema, "Sisi watu wa Pwani ni watu wa ukarimu, mgeni hutokea wakati wowote, na ni aibu chakula kisitoshe." Hili ni neno la kiungwana, nasi hatutaki ukarimu utoke majumbani mwetu. Lakini Mtume (S.A.W.) amekwisha kulitengeneza jambo hili, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, alipotufahamisha kwamba chakula cha watu wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne. Basi anayepika chakula cha watu sita kwa kipimo, mgeni wawili watatu wakitokea, Mwenyezi Mungu hutia baraka na wote wakala. Ama kupika cha watu kumi kila siku kwa ajili ya mgeni asiyekuja, huko si kumkirimu mgeni. Ni kulikirimu jaa.

Hoja ya tatu ni ya mwenye kusema, "Sisi hatutupi, huwapa maskini." Hili ni jema likifanywa kwa adabu yake. Lakini aghalabu maskini huitwa saa tatu za usiku, wali umekwisha kulala wazi na mchuzi umeingia uchachu, kisha mtoaji akajihisabia thawabu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kile kibaya tukakitoa, na hali lau tungelipewa sisi tusingelikipokea ila kwa kufumba macho. Mwenye kutaka kutoa, na apakue sehemu ya jirani kwanza, sufuria ingali mekoni na mvuke wake. Hivi ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Abu Dharr, katika Hadithi aliyoipokea Muslim: akipika mchuzi azidishe maji yake, awaangalie majirani zake. Hakumwambia angoje mabaki. Alimwambia amfikirie jirani wakati wa kupika.

Na hoja ya nne ni ya wanaume, wanaosema kuwa hayo ni mambo ya wanawake. Tunawaambia wazi kuwa wamedhulumu. Nani anayesusa kiporo cha mchana na kutaka chakula kingine kipikwe usiku? Nani aletaye fungu la samaki jioni bila ya kuuliza kama nyumbani mna kitoweo? Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, nani atakaye sinia ya futari iwe na vitu kumi, viazi vya nazi, mihogo, sambusa, katlesi, bajia, na tambi juu yake, kisha akala tende tatu na vipande viwili akaenda tarawehe? Mwezi uliofaradhishwa tujue njaa ya mwenye njaa umegeuzwa ukawa mwezi wa mapipa kujaa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia aibu chakula, akikipenda hula, na asipokipenda hukiacha. Basi bwana wa nyumba na aanze na ulimi wake, kabla ya kuutazama mkono wa mkewe.

ARUSI ZETU

Hatuwezi kuacha kutaja walima. Walima ni sunna, na Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Abdurrahman bin Auf afanye, japo kwa mbuzi mmoja. Na yeye mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya, akiwa njiani anatoka Khaibar kurejea Madina, walima wake haukuwa na nyama wala mkate. Palitandikwa ngozi, kila mwenye kitu akakileta, pakawa na tende na maziwa makavu na samli, watu wakala. Huo ulikuwa walima wa Mtume wa Mwenyezi Mungu, wala heshima ya Bibi Safiyya haikupungua hata chembe.

Sasa na tuzitazame arusi za mjini. Biriani hupikwa kwa hofu ya maneno ya watu, si kwa hisabu ya watu. Sinia hurudi nusu zikiwa zimejaa, nyama zimechokolewa na wali umevurugwa, hata hazimfai mwengine. Baba wa binti amekopa, na deni lile litamkalia miaka miwili. Na usiku ule ule wa furaha, sehemu ya mkopo wake imo garini inakwenda jaani. Laiti sinia zingelitiwa kidogo na kuongezwa kwa mwenye kuhitaji, na kilichobaki katika masufuria, ambacho hakikuguswa na mkono, kingelitiwa vyomboni saa ile ile na kupelekwa kwa mayatima na majirani kingali moto, baba yule angelipika pungufu, na thawabu yake ingelizidi.

YATUPASAYO KUFANYA

Waadhi usio na njia ni kelele. Basi haya ndiyo tunayowanasihi ndugu zetu wanaume, na mama zetu na dada zetu.

Kwanza, kibaba na kirudi jikoni. Kila nyumba na ijue kipimo chake, ipime mchele na unga kabla ya kutia katika sufuria, na kila wiki ikiona kunabaki, ipunguze kidogo mpaka isibaki.

Pili, kabla ya mtu kwenda sokoni, na atazame kwanza kilichomo kabatini na katika friji, akiandike anachohitaji, na anunue hicho. Cha zamani na kiwekwe mbele kitumiwe mwanzo, na kipya nyuma. Na aende na kikapu chake cha ukili. Mifuko ya plastiki imekatazwa katika nchi yetu tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mwenye kikapu hanunui mfuko kila siku.

Tatu, kiporo na kihifadhiwe kwa elimu. Joto letu la Pwani huharibu chakula upesi, na wali uliolala wazi usiku kucha waweza kumdhuru mtu hata ukipashwa moto. Chakula kilichobaki na kitiwe katika vyombo vipana kipoe, kisha kiingizwe katika friji kabla ya saa mbili kupita tangu kupikwa. Na kikitolewa, kipashwe mpaka kichemke, mara moja tu. Asiye na friji, huyo ndiye mwenye haja zaidi ya kupika kwa kipimo. Ama kilichokwisha kuharibika, hatusemi kiliwe, kwani sharia yetu imekataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Mkate uliokauka na usagwe uwe chenga za katlesi. Ndizi zilizoiva mno na zipikwe kwa tui. Maganda na machicha na yapewe kuku au mbuzi wa jirani, au yafukiwe shimoni yawe mbolea ya mchicha.

Nne, takataka zisizooza na zisichanganywe na zile zinazooza. Sheria ya nchi ya mwaka 2022 imetaka hivyo, na kabla ya sheria hiyo sisi tulikuwa na Hadithi iliyohisabu kuondoa udhia njiani kuwa ni sehemu ya Imani. Chupa, vyuma na makopo vina wanunuzi wake, na wako watu maskini ambao riziki yao ni kuviokota. Ukiwapa vikiwa safi na vimetengwa, umewapunguzia kutia mikono yao katika uvundo. Wenyeji wa Mombasa wanakumbuka Kibarani, njia ya kuingilia kisiwani, jinsi taka zilivyorundikwa kando ya maji kwa miaka mingi, na kila mgeni akapokewa na harufu yake, mpaka jaa lile likafungwa. Kufunga jaa si kufunga taka. Zitakwenda kwengine, karibu na nyumba ya mtu mwengine, madhali pipa langu na lako linajaa kama jana.

Tano, na hili ndilo linalokamilisha yote: fedha iliyookolewa isiachwe ikapotelea katika israfu nyingine. Kila nyumba na iweke kopo lililofungwa. Siku ambayo hapakutupwa kitu, na patiwe humo kile kiasi kilichokuwa kikitupwa, japo ni shilingi thelathini au arubaini. Mwisho wa mwezi kopo lifunguliwe mbele ya watu wote wa nyumba, watoto nao waone, na kila mwenye haki apewe haki yake: deni la duka kwanza, kwani deni ni zito, kisha ada ya maalimu, kisha dawa ya bibi, kisha jirani. Asidhani mtu kuwa kuwatumilia watu wa nyumbani kwake kumemtoa katika sadaka. Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja dinari iliyotolewa katika njia ya Mwenyezi Mungu, na ya kumwacha huru mtumwa, na aliyopewa maskini, na aliyowatumilia mtu watu wake, akaifanya hii ya mwisho kuwa ndiyo yenye ujira mkubwa zaidi.

Enyi ndugu zetu, hatuwaambii mle kwa huzuni, wala mfunge mikono yenu wageni wakose. Kuleni, na kirimuni, na furahini kwa neema ya Mola wenu. Tunaloliomba kwenu ni jambo moja la siku saba. Kabla ya kitu kuingia katika pipa la taka, na kiwekwe kwanza katika bakuli kando yake. Jioni, bwana na bibi wa nyumba na wakitazame pamoja, waulizane swali hili: hiki kilikuwa ni haki ya nani? Wakilipata jina, na wamkumbuke kesho wakati wa kupima. Kuulizana hapa duniani, mbele ya bakuli la wali, ni kwepesi kuliko kuulizwa siku ile ambayo, kama ilivyokuja mwisho wa Sura ya At-Takathur, watu wataulizwa juu ya neema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika kidogo chetu, atulipie madeni yetu, aturuzuku kushukuru kwa vitendo na si kwa ndimi peke yake, wala asitujaalie kuwa ni wenye kushiba na hali jirani zetu wana njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.